Njia ya Umeme Kuja Nchi ya Pamba

Chama Kikuu kinapotimiza miaka kumi, yafaa tukumbuke si habari za mizani na maghala peke yake, bali na habari za nguvu iendeshayo vinu. Mkulima auzapo pamba yake, kazi haijaisha. Pamba hiyo haisafirishwi kuuzwa ng'ambo mpaka kinu kitenge nyuzi na mbegu. Na kinu hakizunguki kwa maneno, huzunguka kwa umeme au kwa mafuta.

Mwaka 1931 kazi ya kuuza umeme Tanganyika ilikabidhiwa makampuni mawili, moja la Dar es Salaam na miji ya bara, la pili la upande wa Tanga. Kwa miaka mingi umeme wa kila mji ulikuwa wa mji huo tu. Mwanza ilitegemea injini za dizeli, na kinu kilichokuwa mbali na mji kilihitaji injini yake chenyewe. Shirikisho la vyama vya pamba vya Nyanza, lililoanzishwa mwaka 1955, lilipata vinu vyake katika hali hiyo: bei ya mafuta ilipopanda, faida ya mkulima ilipungua.

Wakati huo nguvu ya maji ilikuwa ikikua upande mwingine wa nchi. Hale, katika mto Pangani, ilianza mwaka 1964. Kidatu ilianza mwaka 1975, na nyaya za msongo wa kilovolti 220 zikapeleka umeme wake Morogoro na Dar es Salaam. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kabla ya miaka hiyo ya 1980 kwisha, nyaya za kilovolti 220 zilikuwa zimepita Iringa, Dodoma na Singida hadi Shinyanga na Mwanza. Ndipo nchi ya pamba ilipounganishwa na gridi ya taifa.

Lakini njia ile ilikuwa moja, ndefu, nasi tulikuwa mwisho wake. Mwenye shamba la mwisho katika mfereji ajua maana ya neno hilo. Umeme upitapo katika waya huutia joto, na joto hilo ni nguvu iliyopotea. Mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Pamoja na hayo msongo hushuka kadiri ya safari, na mota ya kinu ipatayo msongo hafifu huvuta mkondo mwingi zaidi, hupata moto, na mwisho huungua. Mota ikiungua katikati ya msimu, pamba hulala ghalani, na fedha ya mkulima hulala pamoja nayo.

Dawa ni kupandisha msongo. Ukipandishwa mara mbili, mkondo kwa nguvu ile ile hupungua nusu, na upotevu katika waya ule ule hushuka hadi robo. Kwa sababu hiyo ilijengwa njia mpya ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, kilomita 670, na nyaya zake zilikamilika mwaka 2016. Hata hivyo, mwanzoni njia hiyo iliendeshwa kwa kilovolti 220 tu, ikingoja vituo vya kupozea umeme vipate transfoma kubwa. Hapa pana funzo: minara huonekana na kila mpita njia, lakini kituo ndicho mlango, na nyumba isiyo na mlango haiingiliki. Sasa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Nguvu nyingi kama hiyo yahitaji njia imara ili ifike mbali.

Tusisahau kwamba njia hupita katika mashamba ya watu. Chini ya nyaya hairuhusiwi kujenga nyumba wala kupanda miti mirefu. Aliyetoa ardhi yake kwa faida ya wote astahili fidia ya haki, tena kwa wakati. Na viongozi wa vyama vya msingi wawe wa kwanza kumsemea.

Kazi iliyobaki ni yetu pia. Njia kubwa haiponyi njia ndogo: nguzo ya mti iliyooza kati ya kituo na kinu yaweza kusimamisha kinu hata kama gridi ni nzima. Anayeiba mafuta ya transfoma huwaibia wakulima wote waliopeleka pamba kwenye kinu kile. Basi, halmashauri zikague nyaya na mota kabla ya mwezi Mei, msimu unapofunguliwa, ziripoti kasoro kwa maandishi, na zitenge fedha ya matengenezo kila mwaka. Ndugu wanachama, usipoziba ufa utajenga ukuta. Miaka kumi ijayo na itukute tukiziba nyufa mapema.