Zip: deni letu kwa Phil Katz

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hapa Kisumu faili zangu zilisafiri kwa matatu. Nilizibana kwa zip, nikazigawa kwenye diski za MB 1.44 na kuzituma Homa Bay. Siku moja diski ya tatu kati ya nne ilikataa kusomeka. Kazi ya wiki mbili ikapotea, maana nilikuwa nimeshafuta faili za awali.

Hata hivyo zip sikuiacha. Msingi wake ni wazo la Abraham Lempel na Jacob Ziv la mwaka 1977: herufi zinazojirudia haziandikwi upya, programu huandika tu "rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa". Omena ikianikwa hupungua uzito, lakini hairudi mbichi. Zip hurudisha kila herufi.

Mwaka 1988 kampuni ya SEA, yenye programu ya ARC, ilimshtaki Mmarekani Phil Katz kwa kunakili kazi yake. Walipatana, naye mwaka 1989 akatoa PKZIP yenye muundo mpya. La maana zaidi, alichapisha maelezo ya muundo huo ili yeyote autumie. Ndiyo maana zip ilienea kote.

Katz alifariki mwaka 2000, akiwa na miaka 37. Leo faili za DOCX na programu za Android (APK) ni zip kwa ndani. Nakili DOCX moja, badilisha .docx iwe .zip, ufungue ujionee.

Ila usifute faili za awali!