Kesi ya Madai au Kesi ya Kiraia?

Mkopeshaji akimpeleka mdeni wake kortini, gazeti moja litaandika "kesi ya madai", jingine "kesi ya kiraia". Ni kitu kimoja, wengi watakwambia: kesi isiyo ya jinai. Kisheria, sawa. Lakini maneno yenyewe hayasemi jambo moja.

"Raia" lina asili ya Kiarabu. Huko lilikuwa kundi la mifugo linalochungwa, kisha likawa watu walio chini ya mtawala. Leo raia ana kura na haki zake, ndiyo, ila ukilifuata neno nyuma unamkuta mchungaji.

"Dai" nalo linatokana na mzizi wa kuita. Mzizi huohuo ndio uliotupa "dua", na "daawa", yaani mashtaka. Kwa hiyo mdai ni mtu aliyepaza sauti, na mdaiwa ni aliyeitwa aje kujibu.

Enzi za masultani wa Zanzibar, makadhi wa pwani walisikiliza madeni na mali, si ndoa tu. Leo, Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamwachia kadhi hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, tena pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa naye. Mtu wa Amu anayedai deni huenda kwa hakimu. Mwenye mgogoro wa shamba huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mlango umehama, mwito ni uleule.

Tazama bandari ya Lamu. Mwaka 2012 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kupinga jinsi mradi wa LAPSSET ulivyoendeshwa. Ile haikuwa kesi ya madai hasa, ilikuwa ombi la kikatiba. Lakini walichofanya ni kuiita serikali ije ijibu. Tarehe 30 Aprili 2018, majaji waliokaa Malindi walisema haki za wakazi zimevunjwa, ikiwemo haki ya mazingira safi na ya utamaduni wao. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamuliwa fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7.

Bahari ile haina hatimiliki yenye jina la mvuvi. Wangekaa kama kundi la kuchungwa, wangengoja mchungaji awakumbuke. Wao wakadai. Ndiyo maana, mimi nikiandika, nitaandika "madai".