Kukabidhi Boma Mzee Akiwa Hai: Tulikotoka na Tulipo



Miongoni mwa mambo yavunjayo jamaa katika Lukenya yetu ni swali la nani atakayeachiwa nyumba ya mzee. Twaona vema kulieleza tangu asili yake, ili kila mwenye boma apate kuchagua njia yake angali na nguvu.

Hapo kale miongoni mwa ardhi za Wakamba zilikuwamo weu, yaani mbuga ya malisho iliyokuwa ya wote, na ng'undu, yaani shamba lililofyekwa likawa mali ya jamaa. Kijana alipooa, baba alimwonyesha sehemu yake ya kulima. Mashamba aliyolima mama yaliwaendea wana wa nyumba yake, na mwana wa mwisho ndiye aliyebaki katika nyumba hiyo, akamtunza mama. Basi kukabidhiwa boma hakukuwa zawadi tupu. Kulikuwa mzigo pia. Ushahidi wake ulikuwa vinywa vya wazee wa nzama, na mlinzi wake hofu ya kiumo, yaani laana ya mzazi.

Nyanda za Lukenya hazikuachwa katika desturi hiyo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, zikafuata Sheria za Ardhi ya Taji za 1902 na 1915. Malisho wakapewa walowezi, na Wakamba wakasongamana katika rizavu. Mwaka 1938 serikali iliwachukulia watu ng'ombe wao kwa hoja ya kuokoa udongo, na kiwanda cha nyama cha Athi River kikiwangojea. Muindi Mbingu akawaongoza watu hadi Nairobi kumwona Gavana. Ng'ombe waliosalia walirudishwa, lakini yeye alihamishiwa Lamu. Ng'ombe hao walikuwa urithi wa wana.

Baada ya Uhuru wa 1963 watu walijiunga katika vyama vya ushirika na makampuni, wakanunua mashamba makubwa ya walowezi, kisha mengi yakapimwa na kugawiwa wenye hisa. Kwa hiyo maboma mengi ya hapa hayakutoka kwa babu. Yalitoka katika hisa iliyonunuliwa, na mara nyingi hati iliandikwa jina moja tu.

Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilimfanya aliyeandikwa kuwa mwenye mali kamili. Neno la mzee mbele ya nzama halikutosha tena, na mwana aliyeandikiwa hati aliweza kuiuza nyumba hali mamaye yumo ndani. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikubali kwamba amana ya kimila yaweza kumfunga mwenye hati; lakini sharti ithibitishwe, na kesi hula miaka na mali.

Basi atakaye kumkabidhi mwanawe boma na afanye mambo mawili pamoja. Kwanza awaite watoto wote, wa kike kwa wa kiume, kwani Katiba ya 2010 haimbagui binti. Na mwenziwe wa ndoa akubali, kama itakavyo Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Pili aende kwenye daftari. Kwa shamba la kilimo, Sheria ya 1967 yadai idhini ya Bodi ya Ardhi, na ombi lipelekwe katika miezi 6 tangu mapatano. Pasipo idhini mapatano ni bure. Ikiwa wazazi wangali wakaa humo, haki yao ya kukaa hadi kufa iandikwe pia. Naye aliyepewa akumbuke kuwa mzazi afapo bila wosia, Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, huhesabu alichokwisha kupokea.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Twawasihi wazee wetu: kabla ya mkutano mkuu ujao, kila mmoja awaketishe watoto wake, aseme nao, kisha aandike.