Unajimu wa Mahali: Ramani ya Kuzaliwa Ikitandazwa Juu ya Dunia

Unajimu wa mahali ni tawi la unajimu linaloshikilia kwamba nyota ya mtu haimfuati kwa nguvu ileile popote aendapo. Wafuasi wake husema ipo nchi ambako Mshtarii itamfungulia mtu riziki, na ipo nyingine ambako Mirihi itamtia ugomvini au Zohali itamkalisha peke yake. Msingi wake ni hesabu moja. Mnajimu huchukua dakika aliyozaliwa mtu, kisha huuliza: dakika hiyohiyo, mbingu ilikuwaje ikitazamwa kutoka Muscat, Kigali au Toronto? Hesabu hiyo ni ya kweli, na yeyote anayejua mzunguko wa dunia anaweza kuikagua. Riziki na ugomvi vinavyobandikwa juu yake ni imani. Mambo haya mawili yanapochanganywa, msomaji hupokea imani akidhani amepewa hesabu.

Makala hii inautazama unajimu huo kutoka Engaresero, kijiji cha wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, kilichopo kusini mwa Ziwa Natron na kaskazini mwa Ol Doinyo Lengai, volkano yenye urefu wa mita 2,962 ambayo ndiyo pekee duniani iliyo hai na kutoa lava ya kabonatiti. Kijiji kipo karibu na nyuzi 2.6 kusini mwa ikweta na nyuzi 35.9 mashariki mwa Greenwich. Jirani na ikweta mistari ya unajimu huu ni rahisi kufuatwa kuliko kwingine. Tena Engaresero inaonyesha wazi jambo ambalo vitabu vya fani hii hulipita haraka, yaani ugumu wa kuijua saa ya kuzaliwa.

Mistari na namna inavyochorwa

Kila siku jua lina nyakati nne kubwa: macheo, adhuhuri, machweo na usiku wa manane. Mwezi na sayari nazo zina nyakati nne za namna hiyo, kila moja kwa zamu yake. Katika dakika yoyote ile, Zuhura inachomoza mahali fulani duniani, iko kileleni kwingine, inazama kwingine, na kwingineko imepita chini kabisa ya upeo. Ukiunganisha sehemu zote inakochomoza kwa dakika hiyo, unapata mstari wa macheo wa Zuhura, na mingine mitatu huchorwa vivyo hivyo. Jua, Mwezi na sayari nane, Pluto ikiwemo kwa desturi ya wanajimu, hutoa mistari 40 juu ya ramani ya dunia.

Mistari ya adhuhuri na ya usiku wa manane hunyooka kutoka kaskazini hadi kusini. Ya macheo na machweo hujipinda, na hujipinda zaidi kadiri inavyosogea kwenye ncha za dunia. Huko Tromsø, Norwe, jua halichomozi kabisa katikati ya Desemba, kwa hiyo mistari ya macheo na machweo ya jua ya mtu aliyezaliwa wakati huo hugeuka kabla ya kuufikia mji huo. Engaresero haina matatizo hayo. Mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na jua hupita utosini mara mbili, karibu na Machi 14 na Septemba 29. Sayari inayochomoza Engaresero huwa kileleni takriban nyuzi 90 mashariki yake, na tofauti haizidi sana uzi mmoja.

Tuchukue mtoto aliyezaliwa Engaresero jua likichomoza. Mstari wa macheo wa Jua unapita kijijini kwake. Mstari wa adhuhuri uko karibu na nyuzi 126 mashariki, katika bahari iliyo kati ya Sulawesi na Halmahera huko Indonesia, ukienda kaskazini hadi Korea Kusini. Wa machweo unakatiza Pasifiki. Wa usiku wa manane unapita Brazil na, kaskazini zaidi, kisiwa cha Newfoundland. Mnajimu atamwambia mtoto huyo akikua kwamba nyumbani kwake ndipo atakapoonekana na watu, kwa kuwa Jua lilikuwa likichomoza hapo, na kwamba akitafuta cheo ajaribu Korea.

Ipo njia nyingine, ya kuipiga upya ramani nzima. Dakika ya kuzaliwa inabaki, mahali panabadilishwa, na nyumba 12 za ramani, yaani sehemu zinazogawa mbingu, zinahesabiwa tena. Sayari iliyokuwa kileleni Engaresero, huko Muscat ilikuwa imeshakipita kilele kwa saa moja na nusu hivi. Lakini ukihama kutoka Engaresero kwenda mji wa Karatu, ng'ambo ya nyanda za juu za Ngorongoro, karibu hakuna kinachobadilika. Longitudo ya sehemu hizo mbili inapishana kwa takriban sehemu moja ya tano ya uzi, ambayo ni chini ya dakika moja ya saa. Mtu ametoka kwenye joto na vumbi la chumvi la Natron akaingia kwenye baridi na mashamba ya ngano ya Karatu, na unajimu wa mahali unamwona kama hajaondoka.

Njia ya tatu hutumia pande za dira: mtu husimama nyumbani, huangalia kila sayari ilikuwa upande gani alipozaliwa, kisha huufuata upande huo juu ya ramani. Hesabu yake inafanana na ile ya kutafuta kibla, ambayo kwa Engaresero ni kaskazini, ikielemea mashariki kwa nyuzi 9 hivi. Wanazuoni wa Kiislamu wameitumia falaki kwa karne nyingi kupata kibla na nyakati za swala, na wengi wao wameikataa inapogeuzwa kuwa utabiri wa maisha ya mtu.

Kutoka Ptolemy hadi kompyuta

Kufunga nchi na nyota ni jambo la kale. Claudius Ptolemy wa Aleksandria, karne ya 2, aligawa nchi zote alizozisikia kwa buruji 12 katika kitabu cha pili cha Tetrabiblos. Afrika Mashariki imo. Azania, jina ambalo mabaharia wa Kigiriki waliupa mwambao wetu, aliiweka chini ya Dalu na sayari Zohali, pamoja na Arabia na sehemu ya Ethiopia. Kwa sababu hiyo akawaeleza watu wake kuwa wahamaji, wala nyama na wala samaki, wenye maisha ya kikatili. Hakufika huku. Alipokea habari za wafanyabiashara, akaongeza dharau ya wakati wake, kisha akaitafutia sababu mbinguni. Sehemu hii ya fani inastahili kusomwa kwa makini, maana tabia ya kulihukumu taifa zima kwa nyota yake haijafa.

Unajimu wa mahali wa Ptolemy ulihusu nchi. Mtu mmoja na ramani yake aliingia baadaye sana, na kilichorahisisha hilo ni kompyuta, kwa sababu kuchora mistari 40 kwa mkono ni kazi ya siku nyingi. Mmarekani Jim Lewis (1941–1995) ndiye aliyeifanya mistari hiyo ijulikane katika miaka ya 1970, akiuza ramani zilizochapwa kwa kompyuta kwa kila mteja. Leo programu ya simu huzichora kwa sekunde chache. Wanajimu hawakubaliani kuhusu upana wa nguvu ya mstari. Wengine husema kilomita mia chache, wengine hufika elfu moja kila upande. Ukizidisha upana huo kwa mistari 40, ni vigumu kupata mji usioguswa na chochote.

Katika mwambao wa Waswahili unajimu ulishika njia nyingine. Fundi wa falaki huhesabu herufi za jina la mtu na la mama yake kwa thamani za abjadi, hugawa kwa 12, na baki humwonyesha nyota yake: Hamali, Thauri, Jauza na kuendelea hadi Hutu. Hahitaji saa ya kuzaliwa wala mahali. Safari huingia kwa mlango wa wakati: watu huuliza siku gani waondoke, huepuka kusafiri mwezi ukiwa katika Akrabu, na wengine huiogopa Jumatano ya mwisho ya Mfungo Tano. Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyekuwa mashuhuri kuliko wote Tanzania hadi alipofariki Dar es Salaam Mei 2011, alijulikana kwa utabiri wa mwaka na wa buruji uliosomwa magazetini. Swali la wasafiri wa mwambao lilikuwa lini. Swali la Lewis lilikuwa wapi, na ni swali la jamii yenye tiketi za ndege na uhuru wa kuchagua mji wa kuishi.

Saa ya kuzaliwa

Dunia huzunguka uzi mmoja kila dakika 4. Uzi mmoja kwenye ikweta ni kilomita 111. Kwa hiyo mama akikosea dakika 4 tu, mistari yote ya mtoto husogea kilomita 111, na akikosea nusu saa, husogea zaidi ya kilomita 800. Hapa ndipo ramani nyingi za watu wa Afrika Mashariki zinapoharibika bila mwenyewe kujua.

Kosa kubwa kuliko yote linatokana na namna tunavyotaja saa. Mama akisema mtoto alizaliwa saa mbili asubuhi, programu iliyotengenezwa Ulaya inataka iandikwe 8:00. Kijana akiandika 2:00, amekosea kwa saa 6, yaani nyuzi 90. Mstari uliotakiwa kupita Engaresero unachorwa Indonesia, na programu haitamwonya. Usiku una tatizo la pili. Aliyezaliwa Jumatatu usiku saa saba, kwa maneno ya nyumbani, kwa kalenda ya serikali amezaliwa Jumanne saa 1:00. Akiandika tarehe ya Jumatatu, Mwezi katika ramani yake utakuwa nyuma kwa nyuzi 13 hivi.

Wazee wana shida nyingine. Saa za Tanzania leo hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, saa 3 mbele ya Greenwich, wakati jua la Engaresero liko nyuma ya saa hiyo kwa dakika 36. Hilo programu hulirekebisha. Lakini kumbukumbu za majira zinazotumiwa na kompyuta zinaonyesha kwamba kuanzia 1948 hadi 1961 Tanganyika ilikuwa saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich. Programu isiyojua hivyo inaongeza kosa la dakika 15, sawa na nyuzi 3.75, na mistari ya mzee aliyezaliwa Engaresero inasogezwa hadi longitudo ya Mombasa.

Mara nyingi saa yenyewe haipo. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kina tarehe na mahali, hakina saa. Saa huandikwa kwenye rejesta ya wodi ya wazazi, kwa waliozaliwa zahanati au hospitali. Kwa Wamasai wengi waliozaliwa bomani, mkunga hakuwa na sababu ya kutazama saa, na umri wa mwanamume hujulikana kwa rika lake, kama Makaa, Landisi au Korianga, rika likiwa la miaka mingi. Tarehe ya kitambulisho mara nyingi ni ya kukadiria. Aliyeandikiwa Januari 1 atakuwa Jadi kwenye kila programu, pamoja na wenzake wote walioandikiwa hivyo foleni moja.

Ushahidi

Jaribio linalojulikana zaidi kuhusu ramani za kuzaliwa ni la Shawn Carlson, lililochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1985. Wanajimu walipewa ramani ya mtu na maelezo ya tabia ya watu watatu, wakatakiwa kumtambua mwenye ramani. Walipata takriban theluthi moja, sawa na anayebahatisha. Jaribio hilo halikugusa mahali, lakini mistari ya mahali inatoka kwenye ramani ileile na kwa maana zilezile za sayari, kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayedai. Mtu akiuza shamba au kuacha kazi kwa sababu ya mstari, anayemshauri anawajibika kumwambia hayo kabla ya kupokea pesa yake.

Mbingu ya Engaresero yenyewe

Wamasai wa eneo hili wana elimu yao ya nyota, na haianzi na mtu mmoja na siku yake. Laiboni, mwaguzi wao, anapoulizwa jambo hutikisa kibuyu cha enkidong na kusoma mawe yanayotoka. Nyota ya asubuhi ina hadithi yake kwa jina la Kileken. Nyota zinazofanya kazi hasa ni zile sita ambazo Waswahili huziita Kilimia. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wamasai cha 1905, aliandika kwamba zinapoacha kuonekana hujulikana kuwa masika yamekwisha. Hali ni hiyo pia kwa hesabu: Jua hupita karibu na Kilimia mnamo Mei 20, kwa hiyo nyota hizo humezwa na mwanga wake wa jioni wakati mvua za Machi hadi Mei zinafikia mwisho.

Hapo mbingu na mahali vimefungamana kwa namna inayoweza kukaguliwa kila mwaka. Kilimia hutua kwa wote, Engaresero na Jakarta, lakini habari ya mvua wanayoisoma humo Wamasai ni ya nchi yao tu, iliyopatikana kwa kuangalia mwaka hadi mwaka. Nayo hukosea. Ukame ukiingia, nyota hutua kama kawaida juu ya nyasi zilizokauka tangu Februari, na wafugaji huwapigia simu ndugu zao wa nyanda za juu kuuliza mvua imenyesha wapi kabla ya kuswaga ng'ombe.