Daftari la duka husubiri msimu wa korosho

NANGANGA ni njia panda: barabara itokayo Mingoyo kwenda Masasi hukutana hapo na ile ya Ruangwa. Kuanzia hapo hadi Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, matumizi ya familia nyingi hayafuati mwisho wa mwezi, bali msimu wa korosho, ambao minada yake huanza Oktoba.

Wakati wa masika, akiba ya chakula ikiwa imepungua, mkulima huchukua unga, sukari na sabuni kwa deni. Mwenye duka huandika daftarini, bila rehani. Dhamana yake ni kufahamiana, ingawa gharama ya kungoja mara nyingi imefichwa ndani ya bei.

La hatari zaidi ni kangomba. Mnunuzi asiye na leseni humpa mkulima fedha au chakula siku za shida, kisha huchukua korosho kwa kipimo na bei aliyoipanga mwenyewe. Serikali imekwisha kuipiga marufuku, lakini njaa huwahi kabla ya mnada.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, ulikusudiwa kuwaondoa walanguzi. Hata hivyo, ulimgeuza mkulima mwenyewe kuwa mkopeshaji: hapo awali alipata malipo ya kwanza, akasubiri ya pili, kisha majaliwa kama ziada ilikuwapo. Aprili 2013, malipo yalipokuja pungufu ya matarajio, ghasia zilizuka Liwale na nyumba zikachomwa moto. Msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo, uhakiki ulisogeza malipo ya wengi hadi 2019. Daftari la duka nalo likakwama.

Si kila deni ni la njaa, lakini. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba hawezi kukwepa jando au unyago wa watoto wa dada yake. Nguo, chakula na ngoma vinahitaji fedha, na sherehe nyingi huangukia Desemba, shule zikiwa zimefungwa na fedha za korosho zikiingia. Wapo waiitao israfu. Ni hukumu ya haraka, kwani anayemtunza mwali wa jirani leo anajua naye atatunziwa wa kwake.

Simu imeleta mkopo wa aina nyingine. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na M-Pawa ikafuata mwaka 2014 kwa mikopo ya siku 30. Muda huo humfaa mwenye mshahara; aliyekopa Machi akitegemea korosho hana cha kurejesha Aprili. Kwa Mwislamu anayeiogopa riba, hata ada ya mkopo ni swali zito. Amana Bank, inayofuata sharia, ilifunguliwa mwaka 2011, lakini kwa mwanakijiji duka ndilo lililo jirani, na mwenye duka anafahamu mnada utakuwa lini.