Mtu ni Afya: Kampeni Iliyopanda Ngazi kwa Ngazi

Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili wa Tanzania walikutana katika vikundi vidogo kwa majuma kumi na mawili. Walijifunza juu ya malaria, minyoo, kichocho, kuhara na kifua kikuu, kisha wakashika majembe: wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi zilizozunguka nyumba, wakafukia madimbwi ya maji yaliyotuama. Kampeni hiyo iliitwa Mtu ni Afya. Nchi iliyoiendesha ilikuwa maskini. Miaka sita tu kabla yake, sensa ya 1967 ilikuta watu wazima 67 katika kila mia hawajui kusoma wala kuandika. Iliwezekanaje basi jambo kubwa namna hiyo? Wengi hujibu haraka kwamba Mwalimu Nyerere alisema, chama kikaamuru, wananchi wakatii. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini halitoshi. Kampeni ilifika mbali kwa sababu waandaaji walianza padogo, wakajaribu njia yao mara kadhaa kabla ya kuipeleka nchi nzima, na walipoipeleka hawakukinyang'anya kikundi cha kijijini kazi ya kuamua.

Mizizi yake ni ya zamani kuliko 1973. Nchini Kanada, tangu 1941, wakulima walikuwa wakikusanyika majumbani kusikiliza kipindi cha redio kila juma na kukijadili, na utaratibu huo ukaja kuigwa India na Ghana. Hapa Tanzania uliangukia mikononi mwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam, nayo haikuukimbiza. Mwaka 1969 ilifanya kampeni ndogo ya Kupanga ni Kuchagua, iliyohusu Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mwaka 1970, mwaka wa uchaguzi, ikafuata Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, uhuru ulipotimiza miaka kumi, ikaja Wakati wa Furaha, iliyofikia watu kama 20,000. Kutoka 20,000 hadi milioni mbili ni mruko mkubwa, lakini kabla ya kuruka waandaaji hawa walikwishajua namna ya kuandika kitabu kinachoeleweka kijijini, kukioanisha na kipindi cha redio, na kumwandaa kiongozi wa kikundi. Kwa ajili ya Mtu ni Afya waliandaliwa viongozi wapatao 75,000, nao hawakuitwa wote Dar es Salaam. Mafunzo yalishuka kwa hatua: wakufunzi wa taifa waliwafunza wa mikoa na wilaya, hao wakawafunza walio chini yao, mpaka kufika kwa mtu atakayekaa na majirani zake chini ya mwembe.

Kikundi chenyewe ndicho kiini cha habari hii. Watu kumi na tano, ishirini hivi, walikutana kwa saa iliyopangwa na kufungulia Radio Tanzania. Kipindi kilipokwisha, aliyejua kusoma aliwasomea wenzake sehemu ya kitabu inayohusu somo la siku ile, na pale redio ilipokosa betri kitabu kiliweza kulibeba somo peke yake. Kisha mazungumzo yakaanza: je, ugonjwa huu tunao hapa kwetu? Unatupata kwa njia gani? Tufanye nini, nani aanze, na lini? Kiongozi hakuwa mganga wala mwalimu wa afya, na hakutakiwa awe. Alitakiwa kuhakikisha kila mmoja anasema na kwamba kikao hakivunjiki bila azimio. Thamani ya utaratibu huu ni kwamba mtaalamu mmoja aliweza kuzungumza na nchi nzima, ilhali uamuzi wa choo kichimbwe wapi, udongo ukiwa wa kichanga au wa mawe, ulibaki kwa wanaoujua udongo huo.

Njia hiyo ya kuanza padogo haikuwa ya afya peke yake; ilitumika pia katika kisomo cha watu wazima. Kati ya 1968 na 1972 mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, wenye makao yake Mwanza, ulitunga vitabu vya kusomea vinavyofuata kazi za watu. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kusoma habari za pamba, mvuvi kwa habari za uvuvi, wa migomba vivyo hivyo. Serikali nayo ilichagua kwanza wilaya chache, zikiwemo Mafia na Ukerewe, za kufuta ujinga kabla ya nyingine, ndipo kazi ikaenea kote. Shule za msingi ziligeuka madarasa ya watu wazima jioni, na vitabu vya Mwanza vikatumika mbali na Mwanza. Kufikia majaribio ya taifa ya 1975, wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 39. Mwaka 1977 wakawa 27, na mwaka 1986 wakawa kama kumi.

Kuna pingamizi zito: haya yote yalifanyika chini ya chama kimoja, na palipo na balozi wa chama kwa kila nyumba kumi mtu hasusii kikao kwa urahisi. Ni kweli shinikizo lilikuwepo. Lakini historia ya miaka ile ile inatupa kipimo. Mnamo Novemba 1973, miezi michache tu baada ya Mtu ni Afya, ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 kuishi katika vijiji iwe ni lazima. Chama kilikuwa kile kile, maofisa wale wale, wananchi wale wale. Katika Operesheni Vijiji mamilioni ya watu walihamishwa, mahali pengi kwa nguvu. Nyumba zilibomolewa, mashamba yakaachwa mbali na kaya. Vurugu hiyo ilipokutana na ukame wa 1974, nchi ikalazimika kununua nafaka nyingi nje. Operesheni hiyo nayo ilienea, tena kwa kasi kubwa zaidi. Kama amri ingekuwa ndiyo siri ya mafanikio, operesheni ingeacha sifa kuliko kampeni ya afya. Iliacha majeraha, kwa kuwa walioijua ardhi hawakuulizwa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: matunda hayakudumu. Kipindupindu kilipozuka kwa nguvu 1977 na 1978, kilionyesha kwamba shimo la choo bila maji safi ni nusu ya kinga. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa miaka ya themanini vilikausha fedha za vitabu na posho za walimu wa jioni, na sensa ya 2002 ikakuta karibu watu wazima watatu katika kila kumi hawajui kusoma. Silipingi hilo. Ila lililokufa ni malezi ya baada ya kampeni. Waandaaji wenyewe walilitambua: ndiyo maana kulianzishwa gazeti la Elimu Haina Mwisho kule Mwanza, maktaba za vijiji na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilihitaji fedha kila mwaka, wakati wafadhili na viongozi hupenda zaidi uzinduzi kuliko matunzo. Majuma kumi na mawili yanatosha kuchimba choo. Kukifanya kiwe desturi ya nyumba ni kazi ya kizazi.

Jina la Mtu ni Afya limerudi siku hizi katika kampeni za serikali, na ni vizuri. Lakini jina ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote. Anayetaka kurithi kampeni ile arithi subira yake ya kujaribu kwa maelfu kabla ya mamilioni, na imani yake kwamba mkulima asiyejua kusoma anaweza kukaa na wenzake, kuupima ugonjwa unaowasumbua na kukata shauri. Kisha aongeze kile ambacho kizazi kile hakikuweza kukilinda: bajeti ya mwaka wa pili, wa tano na wa ishirini, itakayokikuta kikundi kile kile bado kinakutana. Mpango usioweza kuonyesha mambo hayo matatu unaweza kufika kila kijiji nchini na usibadilishe maisha ya hata kimoja.