WannaCry: Sababu gani Windows ya zamani ni hatari

Tarehe 12 Mwezi wa 5, 2017, virusi WannaCry iliingia mu ordinatere zaidi ya 200 000, katika inchi karibu 150. Ilifunga mafaili ya watu, kisha ikaomba dola 300 ili kuyafungua. Kule Uingereza, hospitali ziliahirisha hata operesheni.

Haikungoja mutu abonyeze kitu. Ilipitia mu tundu moja ya Windows, mashine hata mashine. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu hiyo tangu Mwezi wa 3, lakini wengi hawakuiweka.

Njo maana, kama sekretariati yako ingali inatumia Windows 7, chunga. Tangu tarehe 14/1/2020, Microsoft haizibie tena watu wa kawaida matundu mapya.

Njia moja ni Linux Mint. Ni ya bure, inaomba memwari ya giga 2 tu, na unaweza kuijaribu kwa flashi bila kufuta kitu. Ndani mna LibreOffice ya kuandika barua na kufanya hesabu. Nayo haikose matundu, lakini dawa zake zinaendelea kutoka bila kulipa.

Mbele ya kubadilisha, kopya mafaili yote pembeni, na uhakikishe kwamba imprimanti yako inatembea nayo.